Supu ya Boga Niliyompikia Mama Ukiwa Mbali

Mpendwa Mama Ghati,

Huku Itiryo baridi imeshuka yote. Asubuhi ukungu unakalia migomba mpaka ng'ombe wanachelewa kutoka, na wazee wamerudi kwenye yale makoti yao mazito yanayonuka moshi na ugoro. Najua unacheka, wewe mtu wa Njombe, uliyeniambia mwaka ule tulipooana kwamba baridi ya Tarime ni ya watoto. Basi ungekuja uionje ya mwaka huu.

Nakuandikia barua, tena ya wazi, anayetaka kuisoma na asome, kwa sababu simu imenishinda. Mtandao wetu unaujua. Nyumbani simu inakamata Kenya, na nikitaka kuongea na wewe vizuri lazima nipande pale kilimani dukani, ambako wanaume wote wa kitongoji wamesimama na simu zao, kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake na wote wanasikiliza. Pale mtu anauliza habari za mvua, za ng'ombe na za ada. Mambo ya vitunguu hayasemwi pale, na mimi niliyokuwa nayo miezi yote hii ni mambo ya vitunguu.

Siku unaondoka kwenda chuoni, umesimama kando ya barabara na begi lako, uliniambia neno moja tu kuhusu mama yangu. Hukusema nimtunze, wala hukunikumbusha kumpeleka zahanati akikohoa. Ulisema, "Nataka nirudi nimkute." Nikakujibu kwamba utamkuta, haraka haraka, kama mtu aliyeombwa akumbuke kufunga zizi. Wewe ni nesi, ulishaona jinsi vifua vya wazee vinavyokuwa wakati wa baridi. Mimi nilikuwa najua vifua vya ng'ombe.

Sasa acha nikukumbushe supu yako, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Unakumbuka mara ya kwanza ulipoipika? Ulikuwa bibi arusi bado, hata majina ya mashemeji zako hujayashika. Ulikwenda nyuma ya jiko ukachuma boga lililokuwa limejiotea lenyewe kwenye samadi, ukaweka na viazi mviringo, ukapika na mifupa na maziwa ya asubuhi, yaliyotoka kukamuliwa. Ulimpelekea mama bakuli ukiwa umelishika kwa mikono miwili. Mama akalitazama, akauliza kama kuna ndama anayeumwa. Kwetu, maziwa ambayo hayajalala ni ya ndama na watoto wachanga, mtu mzima anakunywa mgando. Mimi nilikuwa nje, niliona aibu kwa niaba yako, nikajua jioni ile kutakuwa na kilio chumbani.

Hukulia. Kesho yake ulimpigia mama goti lile la kwenu, lililowashangaza majirani zetu wote, ukamwomba akufundishe kuosha kibuyu. Mkashinda pale uani mnasugua kibuyu kwa kijinga cha mti wenye moshi mtamu, wewe na yeye, Kiswahili chake cha kuokoteza na Kikurya chako cha kuokoteza. Maziwa yakawekwa, yakalala, yakaganda. Ukapika supu ileile, lakini safari hii kwa mgando wa kibuyu chake, wenye harufu ya moshi wake. Mama akanywa kimya mpaka mwisho, halafu akakunyooshea bakuli tupu. Hakukusifu, na wewe hukungoja sifa. Ulimwongezea.

Tangu hapo kila baridi ikishuka ulikuwa unaipika, na mimi nilikuwa na mahali pangu: kile kigoda nje ya mlango wa jiko, mgongo umeelekea ndani. Kwetu mwanaume aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mama yake. Nilipotoka jandoni, mama alikuwa akinikuta hata ninatafuta kaa la kuwashia sigara ya mjomba ananifukuza kwa mwiko, anasema mura, kijana mzima, unataka nini huku, unataka ndevu zisiote. Nikazoea. Lakini nilipenda kukaa karibu na sauti yako, na wewe ulikuwa unapika huku unaongea. Ulikuwa unasema kila unachofanya, sijui ulikuwa unaniambia mimi au unaliambia sufuria. Mifupa kwanza, maji ya baridi, moto mdogo. Kitunguu kikaangwe na samli mpaka kilegee, kisiungue. Tangawizi kidogo, kitunguu saumu kiasi. Boga na viazi viive mpaka vijikatae vyenyewe, vipondeke. Mimi nachonga mpini wangu wa jembe huku nasikiliza, naitikia "mm", na mate yananijaa mdomoni.

Halafu ikifika mwisho ulikuwa unaniambia, "Baba Ghati, nenda kamwite mama, inakaribia." Nilikuwa nikirudi na mama mkononi nakuta supu iko tayari, nzito, laini, haina hata punje. Sikuwahi kusikia maziwa yanaingiaje. Kumbuka hilo, maana ndipo nilipoangukia.

Kwenye simu nilikuambia mama aliugua kifua, akalazwa, akapona. Ni kweli. Yale mengine sikukuambia kwa sababu ungepanda basi uache mitihani. Alirudi nyumbani mapafu mazima lakini hamu ya kula imebaki hukohuko hospitali. Wankuru, mke wa mdogo wangu, Mungu ambariki, alikuwa akimletea ugali wa mtama na mgagani uliopikwa vizuri, mama anamega tonge moja, analizungusha mdomoni, analitoa. Uji alisema unamchefua. Yule mganga kijana aliyeletwa zahanati kutoka Tanga baada ya wewe kuondoka alimpima akasema dawa zimemaliza kazi yake, sasa dawa ni chakula. Nikamwuliza chakula gani. Akasema chochote atakachokubali. Lakini mama hakukubali chochote.

Mama Ghati, mama alianza kugawa vitu. Sufuria kubwa alisema ni ya dada yangu wa Machochwe. Blanketi lile la maua akasema ni la Wankuru, kwa sababu ana mtoto mchanga. Alikuwa anasema bila huzuni yoyote, kama mtu anayepanga nani ataangalia kuku akienda mnadani. Nilimsihi ale. Akaniambia amekula vya kutosha katika maisha yake, na mimi niache kusumbua watu. Nilitoka nje nikasimama zizini, nikahesabu ng'ombe ambao nilikuwa najua wapo wote. Niliogopa sana. Nilikuwa naliona lile begi lako kando ya barabara, na wewe unashuka, na mimi nakuja kukupokea sina la kusema.

Ndipo nikakumbuka supu. Nikamweleza Wankuru jinsi ulivyokuwa ukiipika. Akajaribu, mtoto mgongoni, mahindi ya kuvuna yanamngoja shambani. Yalitoka mapande ya boga kwenye maji ya chumvi, mama akayasogeza pembeni kwa kidole. Nikamwambia Wankuru siyo hivyo, boga liive zaidi, na kitunguu kiwe hivi, na tangawizi iwe vile. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, taratibu, kwa heshima zote za shemeji:

"Shemeji, aliyekaa mlangoni miaka yote ni wewe. Ingia upike."

Nilikasirika. Nilimwambia hayo ni maneno gani, nikachukua fimbo yangu nikaondoka. Nilifika mtoni, ng'ombe wakanywa, wakashiba, mimi bado nimekasirika. Nilikuwa naona nyuso za wale wa kilimani. Mtu wa rika langu akutwe na mwiko? Jina hilo lingenifuata mpaka kaburini, na watoto wa mwanetu Ghati wangelikuta. Wakati wa kurudi nilipita mlangoni kwa mama. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, na bega lake lilikuwa dogo, Mama Ghati, limekuwa bega la mtoto. Hasira ikaniishia palepale.

Tulichagua siku ya mnada, wanawake wengi hawapo. Wankuru akakaa uani na mtoto, kazi yake ni kukohoa akiona mtu. Nikainama nikaingia. Kitu cha kwanza, boriti ikanigonga kichwani, nikajua jiko lile lilijengwa kwa ajili ya watu wa kimo chenu. Cha pili, moshi. Hivi nyinyi mnapumua wapi humo ndani? Mifupa niliiweka vizuri, maji ya baridi, moto mdogo. Boga sikulimenya, nililichinja. Vitunguu nilivikata kama ninavyopasua kuni, na machozi yakanitoka mpaka nikavuta makamasi kwa sauti. Wankuru akakurupuka akachungulia, uso umembadilika, akidhani nimepokea habari mbaya. Nikamwonyesha kitunguu. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Lakini nakwambia, boga lilipoiva likajikataa, na viazi vikalegea, nikaviponda kwa mwiko na ule mchuzi wa mifupa, harufu ikawa ni yako. Nilisimama nikaivuta tu. Nilijiona nimeshinda. Nikachukua kibuyu, nikakitikisa kama ninavyokitikisa siku zote, nikamimina mgando wote kwenye sufuria inayochemka.

Wewe unayesoma hapa umeshashika kichwa. Yalikatika. Maziwa yalikatika mbele ya macho yangu, chenga nyeupe huku, maji ya kijani kule, na boga limeduwaa katikati. Nilikoroga, yakazidi. Mimi ambaye naweza kunusa maziwa nikakwambia ng'ombe alilisha upande gani wa kilima, nilikuwa sijui kwamba mgando hautupwi kwenye moto. Hakuna mwanaume wa huku anayejua, kwa sababu kibuyu kikishavuka ule mlango sisi tunabaki nje. Wankuru akampelekea mama hivyohivyo, pengine ladha ingemshika. Mama akatazama ndani ya bakuli, akauliza nani ametapika humu.

Mbwa alikula. Angalau huyo alishiba.

Ningekupigia simu, ingekuwa rahisi. Nilipanda mpaka kilimani, nikakuta wale wote wapo, mmoja anaongea na bibi yake wa Isebania kwa sauti ya kutangaza mkutano. Ukapokea, nikakuuliza masomo yanaendaje. Ukasema vizuri. Nikakuuliza kama mvua imenyesha huko. Ukasema, Baba Ghati, mbona unaongea kama mwenyekiti wa kijiji? Nikakata nikisingizia chaji. Nikateremka nimeinamisha kichwa.

Jibu nililipata kwa ng'ombe, ambako ningepaswa kuanzia. Ukimnunua ng'ombe mgeni humtupi katikati ya zizi usiku wa kwanza, watampiga pembe. Unamfunga nje ya uzio, wenzake wanakuja wawili watatu wanamnusa, wanamzoea, ndipo unafungua. Nikajiuliza, je, na mgando? Nisiupeleke kwenye moto. Niulete moto kwake, kidogo kidogo. Siku iliyofuata niliepua sufuria nikaiweka pembeni. Nikamimina mgando kwenye bakuli kubwa, nikaupiga mpaka ukalainika, nikachota upawa mmoja wa supu ya moto nikautia humo, nikakoroga. Nikatia mwingine. Mgando ukapata joto, ukatulia. Kisha nikaurudisha wote kwenye sufuria, taratibu, mkono mmoja unamimina na mwingine unakoroga, roho iko juu. Haukukatika. Ulijinyoosha ndani ya lile boga, supu ikawa nzito, laini, ya rangi ile ile niliyokuwa nikiikuta nikirudi na mama mkononi. Nikadondoshea samli juu.

Wankuru alilipeleka bakuli. Mimi nikabaki nyuma ya jiko nimeegemea ukuta kama mwizi. Alikaa huko ndani muda mrefu mpaka nikaanza kuwaza mabaya. Alipotoka aliligeuza bakuli juu chini, halikudondosha kitu. Nililia tena, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Ng'ombe wakishatoka, mimi naingia. Nilijifunga kanga yako kiunoni kwa sababu suruali ilikuwa inanuka kitunguu na watu walianza kuniuliza. Mama alianza na nusu bakuli, akaja bakuli zima, akaanza kutoka kuota jua ukutani. Akaanza na kugomba pia. Alikuwa anamwambia Wankuru leo umeunguza kitunguu, leo chumvi umemwaga ya mwaka mzima, kwani mama yako hakukufundisha? Maskini Wankuru alipokea lawama zangu zote ameinamisha macho, halafu anakuja kunifikishia huku amejishika mbavu.

Halafu asubuhi moja, ukungu bado haujainuka, nilikuwa nimeinamia sufuria nikahisi mlango umepata kivuli. Wankuru hakuwa amekohoa. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake na fimbo yake. Tangu atoke hospitali hakuwa amefika mbali hivyo. Mimi niko na kanga ya maua kiunoni na mwiko mkononi, mwanaume mzima wa Kikurya, sina pa kujificha.

Nilianza kueleza. Akanyoosha kiganja kuninyamazisha, akaingia, akashika ukuta, akakaa kwenye kigoda chake. Nikamwuliza amejua lini. Akasema alijua tangu siku ya yale matapishi. Wankuru ana makosa yake, akasema, lakini hakati kitunguu kama kuni. Nikamwuliza sasa kwa nini alinyamaza, na kwa nini aliendelea kula chakula kilichopikwa na mtoto wake wa kiume, yeye aliyekuwa akinifukuza hapohapo.

Alikuwa anautazama moto.

"Mura, nilikuwa nimeshaamua kupumzika," akasema. "Kisha nikajua ni wewe uliye huku. Nikasema, huyu amejiaibisha kwa ajili yangu. Nikifa sasa, atakuwa ameaibika bure."

Mama Ghati, sijui nikuambieje nilivyosikia. Nilitamani kumshika na sikujua nitamshikaje, maana kwetu hatushikani hivyo. Nikabaki nimesimama. Yeye akanielekeza sufuria kwa fimbo, kwamba nikoroge, inashika chini.

Jumapili yake alikwenda kanisani kwa pikipiki, akawaambia wanawake wote. Kwa hiyo sasa Itiryo nzima inajua, na ndiyo maana sioni sababu ya kuifunga barua hii. Pale kilimani wananiita Mama Boga. Mzee mmoja wa ukoo alikuja kunionya kwamba naharibu vijana, mama akamkaribisha supu, akanywa, akaondoka bila kumaliza onyo. Na mtu mmoja, simtaji, aliyefiwa na mke mwaka juzi na ana watoto nyumbani, alinifuata mtoni nikiwa peke yangu akaniuliza kwa sauti ya chini maziwa yanaingia wakati gani. Nilimweleza yote. Nilijisikia vizuri kuliko siku niliyouza dume langu kubwa.

Nimekukumbuka kwa namna ambayo sikuijua zamani. Zamani nilikuwa nakukumbuka nikiwa nimelala. Sasa nakukumbuka nikiwa nakata kitunguu, ninapougua mgongo kwa kuinama, macho yanapowaka kwa moshi. Miaka yote ile ulikuwa unaongea huko ndani na mimi naitikia "mm" huku nachonga mpini. Ningegeuka hata mara moja nikakutazama. Ukija likizo nitageuka, na ujue nitaingia kabisa, nitakutia hasira kwa maswali.

Soma kwa utulivu. Usiharakishe mitihani kwa ajili yetu, wala usikimbilie basi ukisikia mtu huku amekohoa. Mama amesema nikuambie umalize kwanza, yeye yupo. Ana shughuli. Jana ameona jinsi ninavyosonga ugali, akafunika uso kwa kanga yake, na amesema hawezi kwenda kokote akaniacha duniani najua supu tu.

Ni mimi mumeo ninayekungoja,
Baba Ghati